Vidonge vya bakteria vinahukumiwa chooni

"Tupa kidonge kimoja kila mwezi, bakteria watakula tope, gari la majitaka utalisahau." Ahadi za namna hiyo huuzwa kwa wenye vyoo vya shimo, na wahandisi wa majitaka wakizisikia huguna. Wana sababu. Ila mguno huo umeishia kukihukumu kidonge chenyewe, na hapo kidonge kimeonewa.

Hoja ya wanaoguna haina jibu, basi tuitangulize. Gramu moja ya kinyesi kibichi ina bakteria kati ya bilioni 10 na bilioni 100. Kidonge kizuri cha gramu 20, chenye spora hai (bakteria waliolala ndani ya ganda gumu) bilioni 1 kwa kila gramu, kina bilioni 20. Maana yake, kidonge cha mwezi mzima kinaongeza idadi ile ile ya bakteria ambayo tayari imo ndani ya gramu 2 za kinyesi, au pungufu. Familia ya watu 5 hutoa zaidi ya kilo moja kwa siku. Ukikoleza kidonge mara mia, bado hujafikia mzigo wa mtu mmoja kwa siku moja. Na wanaotiwa humo wengi ni jamii ya Bacillus, wanaotaka hewa, ilhali chini ya tabaka la juu la shimo hewa hakuna. Mchanga, plastiki, pedi na matambara hakuna bakteria wa kidonge atakayevila. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, walizijaribu dawa hizi maabara na kwenye vyoo vyenyewe, wasione tofauti ya kuaminika kati ya vyoo vilivyotiwa dawa na visivyotiwa. Mara nyingi kinachomdanganya mwenye choo ni maji ya kuyeyushia dawa: rundo lililosimama katikati ya shimo linabomoka na kusambaa, kina kinaonekana kushuka, sifa anapewa kidonge.

Kwa choo cha shimo, basi, kesi imekwisha. Afadhali fedha hiyo iwekwe kwa ajili ya kunyonya, kuliko kusubiri mvua ili kutapisha, yaani kuuachia uchafu uondoke na maji ya mvua.

Chemba ya mafuta ya mgahawa, ile inayonasa mafuta ya maji ya jikoni yasiingie bombani, ni habari nyingine. Humo hakuna jeshi la bakteria linaloingia kila siku pamoja na uchafu. Kinachoingia ni mafuta, wali, maji ya moto, sabuni na jiki. Wachache waliomo huishia kuuchachusha mchuzi huo hadi pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu unazidi) 4 au 5, na harufu yake majirani wanaijua. Hapa bakteria wenye vimeng'enya vya kuvunja mafuta, wakiletwa kwa mabilioni kila usiku, hawashindani na kilo za wenzao. Ile hesabu ya chooni inageuka.

Kwa kazi hiyo kidonge kina faida ambayo dawa ya maji haina. Bacillus subtilis na licheniformis wakiishiwa chakula hujifunga ndani ya spora, na spora huvumilia joto la duka, ukavu na mgandamizo wa mashine. Kwa kawaida hukuzwa kwenye nyuzi 30 hadi 37 mpaka wengi wawe spora, kisha huchujwa na kukaushwa kwa hewa ya moto pamoja na maltodekstrini, unga utokanao na wanga. Unga huo huchanganywa na bikaboneti ya sodiamu na asidi ya sitriki ili kidonge kitoe povu na kujisambaza chenyewe. Kikemia, gramu 10 za bikaboneti hutaka karibu gramu 7.6 za asidi. Stearati ya magnesiamu, ya kuzuia unga usigande kwenye mashine, isizidi asilimia 1. Ikizidi, kila chembe inavaa koti la mafuta na kidonge kinazama kama kokoto.

Adui mkubwa ni unyevu, na pwani yetu inao wa kugawa. Bikaboneti na asidi zikigusana na tone la maji, zinatoa gesi na maji mapya, na maji hayo yanaendeleza mmenyuko ule ule. Kidonge kilichoanza kulowa hujimaliza chenyewe ndani ya pakiti: pakiti inavimba, kidonge kinapasuka, na spora zilizopata unyevu na chakula huanza kuota kabla ya wakati, kisha zinakufa. Ndiyo sababu chumba cha kugandamizia hutakiwa kuwa na unyevu wa hewa wa asilimia 25 au pungufu, na kila kidonge kifungwe peke yake kwenye karatasi ya alumini. Vidonge vinavyouzwa vikiwa wazi kwenye kopo sokoni Kariakoo au Mombasa, msimu wa mvua, sivitetei.

Sivitetei pia vile vinavyodai kuwa na bakteria wa kugeuza amonia na kudumu miaka 2 rafuni. Nitrosomonas, bakteria wa kazi hiyo, hana spora. Akikaushwa bila uangalifu mkubwa na ubaridi, anakufa.

Hata kidonge kizuri hufeli kikitumiwa ovyo. Chemba nyingi ndogo hukaa na maji nusu saa au pungufu jikoni kukiwa na kazi, wakati spora zinahitaji muda wa kuota na kugawanyika. Kitiwe usiku baada ya kuosha sufuria ya mwisho, jiki isimwagwe mpaka asubuhi, na mafuta yaliyoganda juu yachotwe kwanza kwa mkono. Chemba iliyokwisha chacha hadi pH 4 isafishwe upya, kwa kuwa gramu chache za bikaboneti hazitairekebisha. Ipo pia hofu ya haki ya mamlaka za majitaka: dawa yenye sabuni kali huyeyusha mafuta yakatoka chembani, yakaganda tena kwenye bomba la mtaa. Muuzaji aulizwe kuhusu sabuni kabla ya kuulizwa kuhusu bakteria.

Anayetaka kujua kama bakteria ndio wanaofanya kazi anahitaji chemba mbili zinazofanana na wiki 6. Moja itiwe kidonge kilichoyeyushwa, nyingine kidonge kile kile kilichoyeyushwa na kuuawa, kisha unene wa mafuta upimwe kwa fimbo kila Jumatatu. Kukiua kwa kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida ni kujidanganya, spora zinavuka nyuzi 100 salama. Itumike sufuria ya presha inayofika nyuzi 121, dakika 20.