Busti si hewa, jamani

Injini ya turbo (kipulizo kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa) ikianza kukata pumzi baada ya mizunguko 5,500 kwa dakika, ushauri ni uleule: "Ongeza busti!", yaani shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo. Juzi nimeusikia tena, kwa kijana anayetamba na geji inayosoma bar 1.5 wakati gari lenyewe linakoroma tu, haliendi. Nilinyamaza kwa heshima. Heshima imeisha.

Bar 1.5 ni hewa iliyopanga foleni nje ya valvu. Iliyoingia silindani ni habari nyingine kabisa. Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 7,000 humeza karibu lita 7,000 za hewa kwa dakika, na hapo busti bado hujaitia. Turbo ndogo iliyochaguliwa ili iamke mapema itatoa wapi pumzi hiyo? Ukiilazimisha, inageuka hita. Chukua hewa ya nyuzi 25, zidisha shinikizo lake mara mbili: kompresa, upande wa turbo unaobana hewa, ikiwa na ufanisi wa asilimia 70 itaitoa na nyuzi 118 hivi. Ufanisi ukishuka hadi asilimia 60, umepita 130. Intakula, kipoza hewa kabla haijaingia injini, inazidiwa, injini inataka kugonga (mchanganyiko wa mafuta na hewa kujilipukia wenyewe), kompyuta inachelewesha cheche za plagi kuokoa pistoni, na nguvu ndiyo hiyo imekwenda. Lakini geji inapendeza, hongera!

Upande wa kutokea ndio hauna mwenyewe. Tabaini, gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi, ikiwa ndogo inabana moshi huo, na shinikizo la manifoldi ya ekzosi (mabomba ya moshi unaotoka injini) likishaliacha mbali lile la kuingilia, moshi wa zamani unabaki silindani na kula nafasi ya hewa mpya. Chomeka geji kabla ya tabaini uone. Nimeshaona bar 3 huko, busti ikiwa 1.5. Injini ya namna hiyo unaiongezea nini? Ipanulie bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, uiondolee kona kali, na ikibidi ubadilishe tabaini yenyewe.

Filta za kung'aa? Mapambo. Kemshafti kali, ile inayofungua valvu zaidi? Baadaye, na springi za valvu zake.

Haya, nakubali shingo upande: turbo kubwa huchelewa kuamka, na wa kwenye foleni za mjini ataijutia. Ila toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 300 kwenye mizunguko 4,000 ni kilowati 126. Ibebe hiyohiyo hadi 6,500, una 204. Na ukiifungua njia ya hewa, nozeli na pampu ya mafuta zipimwe siku hiyohiyo, kabla hujakanyaga hadi mwisho. Mafuta yasipotosha hewa hiyo, pistoni haziyeyuki kwa taarifa.