Blaise Diagne na mahandaki ya Ufaransa: je, damu ilinunua haki?

Mwanzoni mwa 1918 Ufaransa ilikuwa imechoka. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa katika mwaka wa nne, Urusi inajitoa, na vijana wa kujaza mahandaki wanazidi kupungua. Waziri Mkuu Georges Clemenceau akamgeukia Blaise Diagne, Mwafrika mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Ufaransa, aliyeingia 1914 kwa kura za miji minne ya Senegal: Dakar, Saint-Louis, Gorée na Rufisque. Alimtaka aende Afrika Magharibi kuandikisha askari. Diagne alikubali, na katika miezi michache akapata takriban watu 63,000, zaidi ya idadi aliyoombwa.

Wapo wanaomwita msaliti. Kwa maoni yangu, neno hilo linaficha mengi, kwa sababu uandikishaji haukuanza naye. Mwaka 1915 na 1916 machifu walipangiwa idadi ya vijana wa kutoa, na mara nyingi waliotolewa ni watoto wa maskini na wa waliokuwa watumwa. Waliokamatwa walipelekwa kambini wamefungwa kamba. Wengine walivuka mpaka wakakimbilia Gambia na Guinea ya Wareno. Katika nchi ambazo leo ni Mali na Burkina Faso, watu waliinuka kwa silaha, na jeshi la Wafaransa likavibomoa vijiji vyao kwa mizinga.

Diagne alikuja kwa njia nyingine. Alifuatana na Waafrika wenye vyeo vya jeshi na nishani vifuani, akazungumza na wazee, akaweka mapatano mezani: familia ya askari isamehewe kodi, askari aondolewe chini ya kanuni zilizomruhusu afisa wa kikoloni kumfunga mwenyeji bila kesi, atengewe kazi serikalini, na mwenye nishani aombe uraia. Shule ya udaktari ya Dakar ilianzishwa mwaka huohuo. Ukiwakumbuka wapagazi waliosombwa kwa maelfu huku kwetu Afrika Mashariki, ambao hakuna aliyewaahidi uraia, utaona kwamba Diagne alidai bei ambayo wengine hawakuthubutu hata kuitaja.

Lakini bei hiyo ilikuwa ya nini hasa? Tarehe 16 Aprili 1917, kwenye miinuko ya Chemin des Dames, kaskazini mwa Ufaransa, askari Waafrika walioandikishwa kabla ya safari ya Diagne, walioitwa wote "Wasenegali" hata kama walitoka mbali na Senegal, walitolewa mahandakini alfajiri huku mvua ya theluji ikinyesha. Vidole vilikufa ganzi. Wengine walishindwa hata kuchomeka singe kwenye bunduki. Juu yao Wajerumani walikuwa wamejichimbia katika machimbo ya mawe, na rashasha zao zilikuwa nzima baada ya siku kadhaa za mizinga ya Wafaransa. Zaidi ya 6,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Jeshi lilijua kwamba baridi inawaua, ndiyo maana kila majira ya baridi liliwarudisha kusini. Hata huko, katika kambi ya Courneau karibu na Bordeaux, zaidi ya 900 walikufa, wengi wao kwa magonjwa ya mapafu.

Diagne aliyajua hayo. Juni 1917, katika kikao cha siri cha Bunge, alisimama mwenyewe kuwalaumu majenerali kwa mauaji yale. Miezi michache baadaye akaenda kuwatafutia watu wengine. Hapo ndipo utetezi wake unaponiwia mgumu.

Gavana Mkuu wa Afrika Magharibi ya Wafaransa, Joost van Vollenhoven, alipinga safari ile ya Diagne. Alisema koloni limekamuliwa vya kutosha na kwamba vijana waachwe walime. Si kwamba alikuwa mtetezi wa Waafrika: alitaka nafaka na karanga zisafirishwe Ufaransa, na hakupenda kugawana madaraka na Diagne, kamishna mweusi. Hata hivyo alijiuzulu, akarudi jeshini, na Julai 1918 akauawa vitani. Ushauri wake ungeokoa maisha mengi, ila ungemwacha Mwafrika palepale alipokuwa, chini ya kanuni zilezile.

Ninavyoona, kosa la Diagne halikuwa kufanya mapatano. Mwaka 1915 na 1916, kwa ajili ya wapiga kura wake wa miji minne, alipitisha sheria za Bunge zilizowaingiza katika jeshi la kawaida la Ufaransa na kuthibitisha uraia wao na wa watoto wao. Hawakuhitaji nishani. Lakini kwa mkulima wa bara aliridhika na amri za serikali zilizojaa masharti: haikutosha kupigana, ilibidi kwanza upate nishani, kisha uombe. Waliopata uraia kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Wafu, kwa makadirio ya kawaida, walikuwa kama 30,000 katika vita vyote.

Mwanzoni mwa 1918 Clemenceau alimhitaji Diagne kuliko Diagne alivyomhitaji yeye. Hakukuwa na wakati mzuri zaidi wa kudai kwamba kila aliyevaa sare awe raia, mwenye nishani na asiye nayo. Diagne alijua namna ya kudai hivyo, maana alikwisha kudai kwa watu wake, akapewa.