Kuvu ya mizizini: inaupa mmea nitrojeni au inaubania?

Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa ushirika wa kuvu na mizizi jina la mikoriza. Tangu hapo tumezoea kuusimulia kama urafiki usio na doa: mmea unatoa sukari, kuvu inaleta virutubisho. Kwa fosforasi sina ubishi. Kwa nitrojeni, nadhani tumesifia kupita kiasi.

Sifa zenyewe zina msingi, tena mzuri ajabu. Chukua kuvu zinazoingia hadi ndani ya seli za mzizi. Nyuzi zake hupenya vijitundu vya udongo ambamo mzizi hauingii, zikanyonya amonia na nitrati, yaani nitrojeni katika maumbo mawili yanayopatikana udongoni. Amonia ikirundikana ni sumu, kwa hiyo kuvu huifungasha ndani ya arginini, asidi amino yenye atomi 4 za nitrojeni. Mzigo huo husafiri ndani ya uzi mpaka mzizini. Hapo arginini huvunjwa ikatoa urea, urea ikavunjwa ikatoa amonia, na mmea ukaipokea. Kaboni ya ile arginini haivuki: kuvu inakabidhi nitrojeni na kubaki na kaboni, ambayo ililipwa na mmea wenyewe.

Ila kuvu nayo inakula. Mwili wake unahitaji nitrojeni nyingi, na udongo ukiwa maskini hujihudumia kwanza. Katika misitu ya misonobari ya Sweden, watafiti walioweka udongoni nitrojeni-15, nitrojeni nzito kidogo inayoweza kufuatiliwa inakokwenda, waliikuta nyingi imebaki kwa kuvu, huku miti ikiambulia kidogo. Nitrati nayo huyeyuka na kufuata maji hadi mzizini, kwa hiyo hapo msaada wa kuvu ni mdogo. Na tusichanganye mambo: kuvu haiwezi kunasa nitrojeni ya hewani. Kazi hiyo ni ya bakteria, kama wale wa kwenye vinundu vya mikunde.

Hata hivyo siwezi kuiita kupe. Msituni nitrojeni nyingi imefungwa ndani ya mabaki ya majani na magome, na baadhi ya kuvu zinazovika ncha za mizizi ala hutoa vimeng'enya vya kuyavunja. Mti peke yake ungeambulia kidogo sana humo. Lakini anayenunua unga wa kuvu ili aache kabisa mbolea ya nitrojeni anauziwa matumaini: udongo usio na nitrojeni, kuvu haina cha kuchota.