Inamisheni Vanila, Acheni Kuishangilia Ikipanda

Juzi kwenye grupu letu la wakulima wa viungo bwana mmoja karusha picha. Mvanila umeparamia mfenesi mpaka umepotelea kwenye matawi ya juu, marando manene, kijani kibichi. Chini yake kaandika: "Mwaka wa nne huu." Grupu likawaka. Mashallah huku, hongera kule, mwengine anaomba mbegu. Mimi nikauliza swali moja tu: maua yako wapi? Nikajibiwa subira yavuta heri.

Subira! Mvanila wa miaka minne usiotoa hata ua unatafutiwa methali. Kama ni methali, basi tunayo ya samaki mkunje angali mbichi, na watoto tunawatwanga nayo kila siku. Ikifika kwenye mmea ambao kweli unataka kukunjwa, hakuna anayeikumbuka.

Mimi nadhani ugonjwa huu tumeurithi kwenye karafuu. Mkarafuu unaupanda, unaupalilia, unangoja miaka, kisha unaukwea. Mti kwenda juu kwetu ni sifa. Vanila haiko hivyo. Ukiiacha ipande, itapanda, maana hiyo ndiyo kazi inayoijua. Nguvu zote inazipeleka kwenye ncha, na ncha haishughuliki na ua maadamu mbele yake kuna tawi la kushika. Lipindue rando, lining'inie kichwa chini, ndiyo mambo yanabadilika: mbio za kwenda juu zinakatika, chakula kinarundikana pale kwenye mpindo, na vijicho vilivyolala kwenye makwapa ya majani vinaamka. Mashada ya maua yanatoka hapo. Bila ya mpindo utakuwa na pambo la mfenesi, na pambo halinunuliwi na mtu.

Shangazi yangu wa kijiji cha Dole, Unguja, hajahudhuria semina hata moja, na ukitaka kuona kazi hii inavyofanywa nenda kamtazame yeye. Anaanza na mizizi ya hewani, ile myeupe iliyong'ang'ania gome. Anaipitishia ukucha wa dole gumba, mmoja mmoja, na kila unaobanduka unatoa mlio mdogo wa kuchanika. Mikono kaizungushia kanga kuukuu kwa sababu utomvu wa vanila unawasha, na ukikupata shingoni utajikuna mpaka magharibi. Kisha analishusha rando lote pole pole na kulilaza kwenye panda ya mti wa mbono iliyo usawa wa kifua. Mpindo anauacha mpana. Ukilikunja kwa kona kali linapasuka, na uozo unaingilia hapo hapo. Mara moja niliwahi kulivuta akanipiga kofi la mkono: "Usilivute mwanangu, libembeleze."

Anafungia ukanda wa mgomba uliolowekwa maji, legevu kiasi cha kidole kupita. Waya marufuku. Nailoni nayo marufuku, ingawa ndiyo inayouzwa kila duka na ndiyo tunayoiona imekaba marando ya watu mpaka yamefanya kiuno. Ncha ikishuka mpaka chini, anafukia vifundo viwili vitatu kwenye makumbi na majani makavu. Hapo vitatoa mizizi mipya, na rando litaanza safari ya juu tena likiwa na midomo miwili ya kulia. Likifika usawa wa kichwa, analishusha tena. Na yale yanayoning'inia, miezi sita hadi minane kabla ya msimu wa maua, anayakata ncha, sentimita 10 mpaka 15 hivi.

Kabla ya msimu, nasema! Watu wanakuja kushtuka shada likishachomoza. Hapo ndipo wanaanza kuvuta na kufunga, wanalivunja shada lenyewe, halafu wanalaumu mbegu, na mbegu ikishindikana wanalaumu hasidi.

Kuna kijana aliniambia eti kuinamisha ni kuutesa mmea, tuuache ukue alivyouumba Mungu. Haya, jambo moja nitalikubali, tena shingo upande: kwao Mexico, msituni, vanila inapanda miti na inachanua bila ya mtu kuigusa, na inazaa pia. Lakini huko ina nyuki wake. Huku kwetu ua la vanila halina mkunga ila mkono wa mtu. Linafunguka asubuhi, mchana likiwa limeshaanza kunyauka, na kwenye shada hayafunguki yote kwa pamoja, hufuatana siku baada ya siku. Sasa wewe unayemwonea huruma mvanila, utakuwa ukitoka sala ya alfajiri unakwea mfenesi na chelewa ya kuchavushia maua mdomoni, kila siku, wiki baada ya wiki? Mchuma karafuu anakwea kwa msimu na bado tunasikia waliodondoka.

Hiyo chelewa nayo ina historia yake. Bahari hii hii yetu, kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alionyesha jinsi ya kuinua kwa kijiti kile kiwambo kinachoutenga upande wa kiume na wa kike wa ua, kisha kubana kwa dole gumba. Mivanila ilikuwa imekaa kisiwani humo karibu miaka ishirini bila ya faida ya maana. Leo Madagascar inailisha dunia kwa mbinu ya mtoto yule. Yeye aliachwa huru mwaka 1848 na akafa maskini mwaka 1880. Kila nikiona mgeni anaonyeshwa vanila kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, Unguja, kapiga picha, kanunua kipakiti, kaondoka, namkumbuka yule mtoto. Haya, nimetoka nje ya mada.

Bei siisemi, ilipaa 2017 na 2018, ikaanguka, na waliopanda kwa ajili ya bei peke yake wanajijua. Wizi upo, kila mtu anaujua. Kukausha nako ni kazi ya kuandikiwa peke yake, kilo tano sita mbichi ndiyo upate moja kavu. Lakini yote hayo ni mashaka ya mtu mwenye maganda ya vanila. Wengi wetu hatujafika huko.

Na hawa wanaotuletea miradi nao wana lao. Siku ya kugawa marando wanakuja na gari, fulana, maji ya chupa na mpiga picha. Tunapanda, tunapigwa makofi. Baada ya mwaka na nusu, rando likiwa limefika pale pa kuinamishwa, hutamwona hata mtu wa baiskeli. Kazi yenyewe haitaki dawa wala mbolea ya dukani. Inataka mtu mmoja aje shamba kwa shamba, akae nusu siku, ashike rando mbele ya macho ya mwenye shamba, siyo kwenye skrini. Na waitwe kina mama, maana maua wao ndio wanaoyashika kila asubuhi, lakini kwenye orodha ya semina yamejaa majina ya waume zao.

Kama wako umeshapotelea juu ya mfenesi, usiukate mfenesi, utatutoa machozi bure. Shusha unachoweza kukifikia, ukate marando ya mita moja hadi moja na nusu, uyapande kwenye mibono uliyoikata vichwa ikatoa panda chini. Utangoja kama miaka miwili mitatu. Kwani sasa hivi unafanya nini?