Tusichanganye Maganda na Chupa

Kwa miezi mitatu sasa, nyumbani kwetu Pasua, hapa Moshi, tumekuwa tukitenga taka katika ndoo mbili: moja ya maganda na mabaki ya chakula, nyingine ya vitu vikavu, yaani chupa, makopo, karatasi na maboksi. Siku moja gari la taka lilipofika, nilimkabidhi kijana wa gari viroba viwili vilivyofungwa vizuri, naye akavimwaga vyote juu ya rundo moja nikiwa nimesimama pale pale. Simlaumu kijana yule, kwa kuwa hakuna aliyemwagiza kufanya vinginevyo. Hata hivyo, tangu siku hiyo nimezidi kuamini kwamba kinachotuumiza zaidi si wingi wa taka zetu bali ni kuzichanganya.

Sisi tuliokulia vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, kule Uru, Kibosho au Marangu katika miteremko ya Kilimanjaro, hatukujua dampo ni kitu gani. Mgomba uliokwisha kuvunwa ulikatwakatwa ukalishwa ng'ombe wa zizini, maganda ya ndizi yakafuata njia hiyo hiyo, machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, yakawa chakula cha mifugo, na samadi ikarudishwa kwenye mashina ya migomba na kahawa pamoja na majivu ya jikoni. Mzunguko huo ndio uliowezesha vipande vidogo vya ardhi ya mlimani kulisha familia kubwa kwa vizazi vingi. Uliwezekana kwa sababu ganda la ndizi lilifika zizini likiwa ganda tupu, bila kipande cha chupa ndani yake.

Ganda hilo hilo likiingia katika kiroba cha mjini pamoja na nepi, betri za tochi na glasi iliyovunjika, hakuna mfugaji atakayethubutu kulichukua. Na si jambo dogo, kwa maana katika miji ya Tanzania zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni vitu vinavyooza. Vikifukiwa dampo mahali pasipopita hewa, hutoa gesi ya methani, ambayo kwa uzito ule ule hulipasha joto anga zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Mwenye nyumba anayetenga maganda na kuyafukia shimoni nyuma ya nyumba yawe mboji, au kumpa jirani mwenye nguruwe, amekwisha kulipunguzia gari sehemu kubwa ya mzigo wake.

Wafanyabiashara wetu wengi wanalijua hili bila kufundishwa. Fundi seremala hutenga maranda, na mfugaji wa kuku huja kuyachukua kwa ajili ya kutandika bandani. Fundi bati hugeuza madebe na mapipa kuwa majiko ya mkaa. Tairi lililokwisha hukatwa likawa makubazi. Katika kila biashara ya namna hiyo, mali ghafi humfikia mtu wa pili ikiwa safi. Chuma chakavu nacho hakikai barabarani hata siku mbili, kwa sababu kina mnunuzi.

Hapo ndipo ninapoishangaa chupa ya plastiki. Soda ya chupa ya glasi huiondoi dukani bila kuacha chupa tupu au pesa ya chupa, na kwa utaratibu huo mdogo chupa moja hujazwa tena na tena. Chupa ya maji haina dhamana yoyote, hivyo inabaki kumtegemea mwokota chupa anayeinama juu ya uchafu wetu ili auze kwa kilo. Ningependa kuona kila chupa ya plastiki ikiwekewa pesa ya kurudishiwa, hata kama ni ndogo. Sioni kwa nini tushindwe, kwa kuwa tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, vikapu na mifuko mbadala ilionekana sokoni mara moja. Uzembe wa baadaye, wa kuvigeuza vifungashio vyepesi kuwa mifuko ya kubebea, ni kasoro ya usimamizi.

Nitoe tahadhari moja, kwa sababu nimeiona hatari hii kwa macho yangu: kopo la dawa ya kahawa au ya mboga lisitumiwe kamwe kubebea maji wala maziwa, hata likioshwa mara ngapi. Lisuuzwe mara tatu, maji yake yamwagwe ndani ya bomba la kupulizia dawa, kisha litobolewe ili mtu mwingine asilitumie.

Mji wa Moshi umetunukiwa mara nyingi kwa usafi, nami ninajivunia. Lakini kufagia barabara huhamisha taka tu. Kinachohitaji kubadilika ni safari yake baada ya kufagiwa. Ombi langu kwa manispaa ni kwamba mkataba wa mzoaji taka uweke siku mbili tofauti, kwa mfano Jumanne kwa maganda na Ijumaa kwa vikavu, kwa gari lile lile na wafanyakazi wale wale, na ada ipungue kwa nyumba inayotenga. Nimekwisha kumwomba mwenyekiti wa mtaa wetu aliweke jambo hili katika ajenda za mkutano ujao, na nyumbani kwetu ndoo zitaendelea kuwa mbili.