"Ni hapo tu" haitoshi mlimani

Rafiki akikualika wikendi kijiji cha milimani huku Uswisi, ukishuka tu kwenye treni unakutana na nguzo ya chuma yenye vibao vya njano. Havitaji kilomita, vinataja muda. Kileleni saa 2 dakika 35. Ziwani dakika 50. Kituo cha basi upande wa pili wa mlima, saa 4 dakika 10. Katikati ya nguzo kuna kibao cheupe chenye jina la pale uliposimama na urefu wake kwa mita. Mwenyeji wako anasoma, anatazama saa yake, anajua mtarudi lini kula.

Kibao hicho kinanifurahisha na kunikera kwa pamoja, maana kila nikikisoma nasikia lile jibu la kwetu Kenya ukiuliza njia: "Ni hapo tu." Hapo tu ya mtu wa Njabini aliyezaliwa na mlima mgongoni ni nusu saa. Hapo tu hiyo hiyo, kwa mtu wa Umoja, Nairobi, anayekaa ofisini Jumatatu hadi Ijumaa, ni saa tatu na kichwa kinamuuma.

Najua yanayokuja. Amepanda ndege juzi, leo anatufundisha mlima. Mkataa kwao mtumwa. Sikatai kwetu hata kidogo. Mlima mrefu kuliko yote ya Alpi, Mont Blanc, una mita kama 4,800. Lenana yetu, kilele kimoja cha Mlima Kenya, ina 4,985, na unaifikia kwa miguu yako bila kamba, Januari au Februari kukiwa kukavu, halafu unasimama chini ya Batian, kilele kikuu chenye 5,199, ukiitazama. Huku hawana hiyo. Waelekezi wa Sirimon na Chogoria, njia za kuupanda mlima huo, wanasoma mawingu kuliko simu yoyote, na wapagazi wao wanapika ugali mita 4,200 maji yakichemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mlima tunao, na watu wa mlima tunao. Kinachoniuma ni kwamba muda hatuuandiki, na sisi ndio wenye shida kubwa zaidi ya muda.

Fikiria jua. Huku Julai jua linazama baada ya saa tatu usiku. Ukikosea hesabu kwa saa mbili, bado unashuka ukiona unapokanyaga. Kwetu ni ikweta: saa kumi na mbili na nusu limekwenda, na nusu saa baadaye ndani ya mianzi huoni mkono wako. Mwaka mzima ni hivyo hivyo. Wenye jua la kuchezea ndio wamepiga hesabu ya kila njia, na sisi tusio na hata dakika ya ziada tunaenda kwa makadirio.

Chukua Elephant Hill, kilele cha Aberdare juu ya Njabini. Kikundi kinapanga kuondoka mjini saa kumi na moja alfajiri, kinangoja wachelewaji, kinakunywa chai njiani pale Flyover, kinaanza kupanda saa nne. Kikundi chenye watu wageni kinahitaji kama saa tano kufika juu, na kushuka ni tatu hadi nne, kwa sababu matope ya kwenye mianzi yanateleza zaidi ukiteremka. Jumlisha mwenyewe: saa moja usiku mnaweza kuwa bado mko msituni. Na mchana ukungu unakuwa umeshuka, vijia vya ndovu vinafanana kabisa na njia ya watu, na mtandao wa simu ukikatika hakuna wa kumpigia. Watu hawapotei kwa udhaifu wa miguu. Wanapotea kwa kugeuka wakiwa wamechelewa.

Hesabu yenyewe si ya kichawi. Weka saa moja kwa kila kilomita nne, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Longonot, mlima wa volkano wa Bonde la Ufa: kilomita 3.1 kutoka lango hadi ukingo, 7.2 kuzunguka kreta, lile shimo la juu, kisha 3.1 kurudi. Hizo ni 13.4, yaani saa tatu na dakika ishirini. Kutoka langoni hadi kilele cha mita 2,776 ni mita mia sita na kitu, ongeza saa moja. Ukingo wenyewe unapanda na kushuka, na lile vumbi linakurudisha nyuma hatua moja kwa kila tatu, kwa hiyo sema saa tano, ukiwa hujahesabu mapumziko. Vibao vya Uswisi navyo havihesabu mapumziko. Mgeni asiyejua hilo hushangaa kwa nini kibao "kimedanganya". Ukipita mita 3,000 hesabu hii inakuwa finyu, pumzi inapungua, ongeza theluthi.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi yenye hela. Hebu tazama kitu chenyewe kwa karibu. Njia ya mlimani huku inaonyeshwa kwa mistari mitatu ya rangi juu ya jiwe, mweupe, mwekundu, mweupe, mirefu kama kiganja. Na inapakwa pande zote mbili za jiwe, ili anayerudi aione kama anayekwenda. Hiyo ni mikebe miwili ya rangi na brashi. Kwetu anayetangulia hufunga utepe wa plastiki kwenye mwanzi, mvua tatu baadaye umekatika au umefungwa na mwingine kwenye njia isiyo yenyewe. Hata sheria yao ilianza na raia: mwaka 1979 walipiga kura, njia za miguu zikaingia kwenye katiba. Sisi tunaojua kubishana katiba tungeshindwaje?

Wengine watasema vibao vitawanyima waelekezi kazi. Mbona huku waelekezi bado wapo, na wanalipwa vizuri? Mwelekezi ndiye angefaa kuviandika. Apande Jumamosi tatu na kikundi cha watu wa kawaida, si wanariadha. Asimamishe saa kila wakipumzika, aandike muda kila panapogawanyika njia, kisha aandike wa kushuka peke yake, kwa sababu wa kupanda ukiugawa mara mbili hupati wa kushuka.

Kibao cha kwanza nakitaka Elephant Hill, pale mianzi inapoanza. Kitaje muda wa kufika juu na muda wa kurudi, na chini yake, kwa herufi kubwa: SAA NANE MCHANA IKIKUKUTA HUJAFIKA KILELENI, GEUKIA HAPO ULIPO.