Picha ya karatasi kwa bei ya kanvasi

Chukulia kazi ya namna hii. Msanii wa Mwanza ametandaza karatasi nene yenye upana wa karibu mita moja, akachora Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani, kwa mkaa na wino, mitumbwi ikiwa chini yake. Kisha akabandika vipande vya gazeti, kipande cha wavu wa nailoni uliochakaa na mabaki ya gunia la dagaa aliyoyaokota soko la samaki la Mwaloni Kirumba, akamalizia kwa rangi ya akriliki hapa na pale. Anaiuza shilingi milioni moja na nusu, bei ya picha ya kanvasi, yaani iliyochorwa kwenye kitambaa. Mteja anaisogelea, anaipenda, anasoma kikaratasi cha bei, halafu anauliza: "Milioni na nusu kwa karatasi?"

Wasanii hulicheka swali hilo. Mimi silicheki, kwa sababu nusu yake ni swali la haki kabisa.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao ambayo bado yana lignini, kile kinachoupa mti ugumu wake. Mwanga na hewa vikiipata, huanza na umanjano, ikaingia ukahawia, na mwisho hukatika kwa kuguswa tu. Karatasi ya pamba huishi muda mrefu zaidi, ila nayo ina masharti yake. Makumbusho makubwa huonyesha kazi za karatasi katika mwanga wa takribani laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), wakati ofisi ya kawaida huwa na laksi 300 hadi 500, na baada ya miezi kadhaa huzirudisha ghalani zipumzike. Sasa fikiria sebule ya mtaa wa Capri Point, Mwanza, yenye dirisha pana linalotazama ziwa, jua la karibu na ikweta likiingia mchana kutwa, na masika ikifika ukuta wenyewe unatoa jasho. Kuvu hapo haihitaji kualikwa. Mende nao hupenda gundi ya wanga.

Tatizo jingine limo ndani ya mchanganyiko wenyewe. Karatasi hunywa unyevu ikatanuka, ikikauka hurudi. Nailoni haifuati mwendo huo, na akriliki ikishakauka huwa ngozi ya plastiki yenye tabia zake. Vitu vitatu vimegundishwa pamoja na kila kimoja kinavuta upande wake, kwa hiyo baada ya miaka michache ama wavu unabanduka ama karatasi inajikunja. (Waliojaribu kubandika magamba ya sangara bila kuyasafisha vizuri wanajua kwamba tatizo la kwanza halikuwa kubanduka. Lilikuwa harufu.)

Basi mteja ana hoja. Wasanii humjibu kwa majina makubwa. Mwaka 1912 wachoraji wa Ulaya Picasso na Braque walianza kubandika karatasi za ukutani na vipande vya magazeti kwenye picha zao. Magazeti hayo leo yamegeuka kahawia, na bado makumbusho yanazilinda kazi hizo kama mboni ya jicho. Hapa kwetu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwenye hadibodi kwa rangi za kupaka baiskeli. George Lilanga, mchoraji na mchongaji aliyefariki mwaka 2005, alifanya kazi kwenye karatasi, mbao na hata ngozi ya mbuzi, na kazi zake zimefika mbali. Kwa hiyo unyonge wa kifaa haujawahi kuzuia thamani.

Ni kweli, lakini jibu hilo lina ujanja kidogo. Kazi za Picasso zina wataalamu wa uhifadhi wanaozikagua na vyumba vyenye hewa inayodhibitiwa. Mnunuzi wa Nyegezi ana feni. Jina likishakuwa kubwa, wapo wa kulipia matunzo. Jina likiwa bado dogo, gharama na hasara ya uchakavu vinamwangukia mnunuzi peke yake. Hilo linafaa kusemwa kabla pesa haijatolewa.

Hoja ambayo wasanii huisahau, na kwangu ndiyo nzito zaidi, ni ya kunakiliwa. Mtindo wa Tingatinga umeigwa na mikono mingi kiasi kwamba mgeni anayepita Mwanza akielekea Serengeti anaweza kukuta twiga yuleyule katika maduka matatu, na hana namna ya kujua alianzia kwa nani. Picha yenye wavu uliochanika kwa namna moja tu, na gunia lenye herufi zilizofutika nusu, hairudufiwi kirahisi. Hata msanii mwenyewe hawezi kuirudia sawasawa. Anayelipa milioni na nusu ananunua kitu ambacho hatakikuta ukutani kwa jirani, na hilo katika soko letu ni adimu.

Kuhusu bei yenyewe, ni desturi ya soko la sanaa duniani kwamba kazi ya karatasi huuzwa chini ya kanvasi ya msanii huyohuyo. Sehemu ya desturi hiyo ilitokana na mchoro wa karatasi kuonekana kama maandalizi ya kazi kubwa itakayofuata. Picha yetu hii si maandalizi ya kitu, hivyo sioni kwa nini ipunguziwe bei kwa kigezo hicho. Ila msanii anayedai bei ya kanvasi hawezi kutumia karatasi ya manila na gundi ya shule. Atumie karatasi isiyo na asidi, maana asidi huiozesha karatasi, na nyuma ya picha aandike vifaa vyote, mwaka na sahihi yake.

Kuna pia hoteli zinazodhani zikinunua picha zimenunua na ruhusa ya kuichapa kwenye kalenda na fulana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi hivyo. Haki ya kurudufu hubaki kwa msanii hadi aiuze kwa makubaliano.

Ninapotofautiana kabisa na wauzaji ni kwenye fremu. Wengi huuza karatasi tupu ili bei ionekane nafuu, mteja anaikunja kwenye bomba, anapanda basi la Dar es Salaam, na akiifungua akriliki imeshapasuka na wavu umeachia pembeni. Kazi ya aina hii haikunjwi. Inahitaji fremu yenye kina, kioo kisichogusa karatasi, na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Fundi fremu wa kawaida mjini anaweza kuifanya akielekezwa, na msanii ndiye anayejua maelekezo hayo. Kwa bei ya milioni na nusu bila fremu, ningempa mteja haki ya kuondoka. Ikiwa na fremu hiyo, ningemwambia alipe.